Mtungi Usiotulia

Mshale wa kipimo cha gesi ulikuwa umeshuka tena.

Filemoni alipaka maji ya sabuni kwenye kila mshono wa mtungi, akainama kungoja. Hakuna povu hata moja. Ilikuwa Julai 1974, Mafinga inaganda kwa baridi, na yeye anatokwa jasho la hasira.

Mitungi ilikuwa miwili, yote kaichomelea yeye, siku moja. Mwalimu Edmund wa kemia aliijaza haidrojeni. Wa kwanza ulikuwa na gesi tu. Wa pili aliushindilia kwanza makaa ya pumba za mpunga, aliyoyachoma mwenyewe kwa pumba za Ubaruku.

"Dizeli imeadimika," mwalimu alisema kabla ya kupanda basi kwenda semina Mbeya. "Siku moja malori ya mbao yatatembea kwa gesi hii. Nitunzie, fundi. Kila asubuhi andika mshale uko wapi."

Mshale wa mtungi wa kwanza ulitulia. Wa pili ulishuka kila alfajiri, na baridi ikizidi nao ulizidi. Jua likipiga, ulipanda kidogo.

"Kuvuja gani huku, gesi inatoka halafu inarudi?" Filemoni alimfokea mkewe, utadhani Severina ndiye aliyechomelea.

"Mwambie mwalimu akirudi. Mficha uchi hazai."

Amwambie nini? Mapadre wa Igowole walikuwa wanatafuta fundi wa matangi ya maji, na mwalimu ndiye aliyeahidi kumsemea. Nani ampe tangi mtu ambaye mtungi wake unavuja? Roho ilimuuma, maana kazi yake aliijua.

Alhamisi alikata shauri. Mbaya wake ni makaa. Vumbi lake limeingia kwenye koki. Akaitoa gesi nje, akafungua koki, akayakung'uta makaa yote na kuyamwaga chooni. Akaosha mtungi, akaukausha, akaujaza upya kwa gesi ya akiba aliyoiacha mwalimu.

Ijumaa mshale ulitulia. Jumamosi vilevile. Filemoni akaichana karatasi ya wiki nzima, akaandika nyingine safi, siku zote namba ileile.

"Halafu choo hakinuki tena," Severina alisema. "Makaa yale yanameza kila kitu."

Jumapili mwalimu alikuja moja kwa moja kutoka stendi, vumbi mabegani. Filemoni akampa karatasi kwa mikono miwili. Mwalimu aliisoma, akairudia, kisha akakaa juu ya gogo.

"Haukushuka hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwalimu. Kazi yangu haivuji."

"Najua haivuji. Nitakusemea Igowole." Mwalimu aliikunja karatasi taratibu. "Miaka miwili nachoma makaa ya kila aina, fundi, natafuta yatakayoimeza gesi mpaka mshale ushuke, ili mtungi mmoja ubebe gesi nyingi. Nimechoka. Hayo ya mtungini kayamwage chooni."