Chumvi ya Kwenye Kioo

Chini ya hadubini, mpimaji wa kiwanda cha paneli za jua aliona madoa meupe yametapakaa kwenye ule utando mweusi, mwembamba kuliko unywele, unaogeuza jua kuwa umeme. Sodiamu, kemikali iliyomo kwenye chumvi, ilikuwa imepenya kutoka kwenye kioo, na paneli zilizotengenezwa kwa mkupuo huohuo zilikuwa juu ya paa la zahanati ya shangazi yake, mkunga.

Wakubwa walimwambia hawana nyingine za kubadilisha. Ndipo akampigia shangazi.

"Taa zinawaka vizuri, mwanangu. Jana tumezalisha mapacha."

"Shangazi, paneli hazitadumu. Kioo chake kina chumvi, na kila jua likiwaka inazidi kuvuja kwenye paneli."

"Chumvi si inafutika?"

"Iko ndani kwa ndani. Hata mimi siwezi kuitoa."

"Wewe uko mbali, huzioni. Ngoja kwanza."

Mpimaji alisikia simu ikilazwa mezani, kisha sauti ya shangazi ikiomba ngazi na kitambaa kibichi.

"Shangazi," aliita. "Shangazi, usipande."

Ngazi iligonga ukuta.