Viazi vya Dirishani

Bibi alichuchumaa nyuma ya tangi la maji, akasikiliza kwanza kama kuna nyayo, kisha akakifukia kipande cha kiazi kibichi ndani ya kopo la udongo. Alikuwa amekikwapua jikoni muda huohuo, kutoka kwenye beseni la viazi vyake vilivyokatwa tayari kwa kupikwa, mkwe wake alipogeuka kuwasha jiko.

"Tutaona," alinong'ona. "Kikiota, nimemsingizia. Kisipoota, huyu mwanamke ananiua."

Maana alikuwa anaumwa, na si kuumwa kwa kudeka. Kila akila, tumbo linamsokota, kichwa kinamgonga, anatapika mpaka nyongo. Yeye aliyekuwa akibeba ndoo mbili kwa mpigo, sasa kwenda chooni tu anashika ukuta. Aliogopa kufa. Na zaidi ya kufa, aliogopa kufa kisha mkwe abaki na nyumba, masufuria na mwanawe.

Ugomvi ulianza siku mkwe alipopata kazi kwenye kiwanda cha kupiga vyakula mionzi. Akaja na gunia la viazi lenye alama ya ua, ile ya vyakula vilivyopigwa mionzi, akalibwaga jikoni kwa madaha. Miezi ikapita. Viazi vya gunia lile vikakaa vilevile, vigumu, visafi, bila kuchipua hata kimoja.

"Mionzi inapita tu, mama, haibaki ndani," mkwe alieleza. "Inaua wadudu na vijidudu, inazuia kiazi kisichipue. Wataalamu wamepima."

"Wamepimia tumbo la nani? Kitu hakiozi, hakioti! Hiyo ni maiti, na mimi sili maiti."

Basi bibi akanunua vyake sokoni, akavipanga dirishani kwenye jua kali vipate nguvu. Na kweli vilipata. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini vidole vilimtosha: wiki chache tu, kila kiazi kina machipukizi marefu. Akamwita mkwe aje ajionee uhai.

Mkwe alivitazama, uso ukambadilika. "Mama, hivi vya kijani—"

"Nyamaza! Hivyo ndivyo utakavyonipikia, sufuria yangu peke yake, na maganda yake. Unadhani sikujui? Kitu kinachozuia kiazi kuzaa kitashindwa kukuzuia wewe? Mtoto mmoja, halafu kimya! Tumbo lako nalo limepigwa mionzi."

Mkwe aligeuka, akarudi jikoni. Tangu siku ile hakubisha tena. "Sawa, mama." "Utakavyo, mama." Alipika alichoagizwa, akakileta kwa mikono miwili huku amepiga goti.

Adabu ile ndiyo iliyomtia bibi wasiwasi. Mtu umemtukana tumbo lake, halafu anakupakulia kwa tabasamu? Kuna jambo. Na maumivu yalipoanza, akajua ni jambo gani. Kiazi kikishaingia kwenye mchuzi hakina jina. Nani angemwambia kama si vile vya gunia vilivyokatwakatwa vikatumbukizwa humo? Hata ladha ilikuwa na uchungu kwa mbali. Mionzi hiyo, alijiambia.

Zahanatini, daktari alimuuliza anakula nini.

"Viazi vya mionzi," alijibu kwa sauti ya kusikika hadi barazani, mkwe akiwa amesimama mlangoni. "Ananilisha huyu, kwa siri."

Mkwe akatazama sakafu. Bibi akaona hiyo ni hatia tupu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia mwanawe jioni ile. Mwanawe akashusha pumzi, akaongeza sauti ya redio. Ndipo bibi alipoamua kujitafutia ushahidi, akalificha lile kopo nyuma ya tangi.

Akalimwagilia kwa siri kila alipopata nafasi. Mwanzoni hakugusa kitu ila udongo, na chuki yake ikazidi kunona. Alimsema mkwe kwa majirani, akamsema kwa dada zake, akamsema kwa muuza mkaa.

Kisha asubuhi moja akajikokota hadi nyuma ya tangi, akanyoosha mkono. Majani! Mengi, manene, yamefurika nje ya kopo.

Alikaa chini papo hapo akalia. Kumbe hakuna aliyembadilishia kitu. Kumbe siku zote amepikiwa vilevile alivyoagiza, viazi vyake mwenyewe vya dirishani. Ole wake, mtoto wa watu alivyomchafua!

Mchana ule hakula chumbani. Aliketi mezani na wenzake, akamwomba mkwe radhi mbele ya mwanawe.

"Nimekukosea, mwanangu. Kumbe ulikuwa unanipikia vyangu."

"Vyako, mama," mkwe alisema. "Sijabadilisha hata kimoja."

"Basi nisamehe."

Mkwe alimsogezea sahani.

Bibi alikula kwa raha ambayo hakuwa ameipata tangu augue. Uchungu aliusikia, safari hii akauona mtamu. Akafuta mchuzi kwa kidole mpaka sahani ikabaki nyeupe, isipokuwa kipande kimoja alichokiweka kando kwa makusudi. Akampakata mjukuu wake, akakipuliza, akamtia mdomoni.

"Na wewe kula vya bibi, upate nguvu."

Kiti kilianguka kwa kishindo. Mkwe alikuwa ameshamfikia mtoto, vidole viwili mdomoni mwake, anakichokoa kile kipande.

"Tema! Tema upesi, mwanangu! Hivi vya kijani ni sumu!"