Dawati la Nyuma

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu, miguu ya Profesa Kihwelo ikajipeleka yenyewe chuoni. Alishaanza kufuta ubao wakati Atupele, mwanafunzi wake wa zamani, alipoingia na chaki mkononi.

"Mwalimu jamani, hili darasa si umeniachia mimi?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Weee, aibu! Lakini kurudi nyumbani, akabishane falsafa na nani?

"Basi nikae nyuma?"

"Kaa, mzee wangu."

Akajibana kwenye dawati. Atupele akaandika: *Ukiacha kazi yako, anabaki nani?*

Mapazia yakapumua taratibu, kama yamelala. Miaka arobaini Profesa aliuliza tu maswali, hakuwahi kujibu hata moja. Mkono wake ukapanda wenyewe, jua likipenya katikati ya vidole.