Kwaya Nzima

"Andika kitu chenye unaogopa kusema," Fanny alimwambia mpenzi wake, Aimé. "Si itaingia mu telefone yako tu?"

"Yangu tu."

Walikuwa katika duka la Aimé la kutengeneza kompyuta, mtaa wa Kimanga mjini Uvira, wakijaribu programu ya kutuma mesaji kwa wanakwaya wa parokia, Fanny akiwa mmoja wao. Kabla ya kutuma, programu husoma neno moja, WAPOKEAJI, ijue itume kwa akina nani. Siku zote hapo huwa "kwaya nzima". Kwa jaribio, Aimé aliweka namba yake mwenyewe kwa muda.

"Na ukisahau kurudisha?"

"Inajirudisha yenyewe, chérie. Kazi ikiisha tu, ni kwaya nzima tena."

"Na kazi ikikatikia njiani?"

"Inarudi kwaya nzima vilevile. Ndiyo usalama wenyewe!" Aimé alipenda kuulizwa.

Fanny hakucheka. Jumamosi wajomba zake wa kijiji cha Mutarule wangepokea posa ya mwanaume mwingine, na Aimé alikuwa bado hajamwambia mama yake lolote. Mama huyo, Mama Victoire, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya hiyo, alikuwa na ulimi mkali. Kila wiki Aimé alisema, ngoja kidogo.

Aliandika: "Fanny, minye Aimé nataka kukuoa." Akabonyeza.

Maandishi mekundu yakatokea. Mtandao umekatika.

"Réseau ya Uvira!" alinung'unika. Chini ya meza, taa za modem zikawaka tena. Aimé hakuanza jaribio upya kwa kuweka namba yake. Alirudia amri ya mwisho tu: tuma.

Simu yake ilibaki kimya. Ya Fanny ndiyo iliyolia.

Kisha ikalia ya muuza samaki wadogo wa ndagala wa ng'ambo ya barabara, mwimba besi. Kisha ya fundi cherehani. Mtu akapiga kigelegele, na kabla Aimé hajafunga mlango, Mama Victoire alikuwa ndani, kitenge begani, simu mkononi.

"Weye mutoto! Kumbe uko na kinywa!" Akamkumbatia Fanny. "Mukwe wangu! Kesho asubuhi tunapanda Mutarule, hao wengine watatukuta tumeshakaa!"

"Mama, ni réseau tu ilikatika..."

"Réseau ibarikiwe!"

Chini ya meza, Fanny alitoa kidole cha mguu kwenye kitufe cha kuzima na kuwasha modem, akakirudisha ndani ya sandale.