Hotuba ya Korongo kwa Wazee

Chama cha Korongo kilikwenda kuwasalimu wanyama wazee waliotunzwa pamoja bondeni. Mwenyekiti, Korongo mpenda hotuba, alipanga wasemaji tisa. Yeye mwenyewe alikuwa bado kwenye utangulizi, na tayari wazee walikuwa wakisinzia.

Bibi Tembo, kipofu, akauliza, “Mjukuu wangu, bado sana? Nataka nikuguse uso kabla usingizi haujanichukua.”

Korongo aliona haya, akakatiza hotuba, akainama. Bibi akampapasa polepole kwa mkonga.

“Mdomo huu naujua! Babu yako aliruka siku saba kututafutia maji mwaka ule wa ukame. Sote hapa tuko hai kwa sababu yake.”

Korongo hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Akamwomba Bibi aendelee kusimulia. Wasemaji wote wakakunja mabawa, wakaketi mbele ya wazee, wakasikiliza.