Kabari Zilizofichwa

Kabari zilikuwa zimepotea tena. Mashua ya faiba ilikuwa ndani ya kalibu iliyoipa umbo tangu jana na Waliaula alishatamka kwamba gundi yake imeiva, imekuwa ngumu, lakini hakukuwa na hata kipande kimoja cha mbao cha kuibandulia.

"Nani ameficha?" aliuliza, macho yake kwa Dalmas, fundi kijana.

Karakana hiyo ya Kisumu, mwaka huo wa 1974, ilikuwa na sheria moja: mashua haitolewi kwenye kalibu kabla Waliaula hajainusa. Gundi mbichi hunuka mpaka mtu akatokwa machozi. Ikiiva, harufu huisha. Tangu karakana ifunguliwe, yeye ndiye aliyeinamisha pua, akavuta pumzi, akasema, "Imeiva." Hapo ndipo kabari zilipogongwa. Kwa neno hilo kila mtu alimwita Mzee, hata meneja, Bwana Nicodemus.

Halafu akaja Dalmas kutoka Port Victoria. Yeye hakunusa. Aligusa kalibu kwa mgongo wa mkono, akagonga kwa ukucha, akasikiliza. Wenzake wakaanza kumwuliza yeye, kwanza kwa kunong'ona, kisha bila haya mbele ya Waliaula. Hiyo ilikuwa baada ya mashua moja kutoka ikiwa imepinda, ambayo Waliaula alisema iliharibiwa na wapiga nyundo. Wivu ulimwingia. Aliuchukia mpaka mluzi wa kijana yule.

"Mzee, wacha ilale mpaka jioni," Dalmas alimwambia siku moja, amejifunga kitambaa puani. "Hii bado."

"Bado kwako! Mimi nimenusa hizi vitu wewe ukinyonya."

Dalmas alitabasamu kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Tangu siku hiyo kabari zikawa zinapotea asubuhi na kuonekana jioni. Mashua zikachelewa, na wateja wa Luanda Kotieno wakaja juu.

Sasa Waliaula alikuwa amechoka. Saa ya chakula alijibanza nyuma ya mapipa, na hakungoja sana. Dalmas aliingia peke yake, akachungulia huku na huku, akafukua gunia la vumbi la mbao kuhakikisha kabari zimefichika vizuri. Waliaula alimkamata shati, akamburuta mpaka kwa meneja.

"Ni wewe?" Bwana Nicodemus aliuliza.

"Ni mimi, Bwana."

"Kwa nini?"

Dalmas alimtazama Waliaula, akatazama sakafu. "Sina la kusema."

Alifukuzwa kazi papo hapo. Langoni alimshika Waliaula mkono, akakawia kuuachia.

"Mzee, ujiangalie sana."

Ananitisha, Waliaula aliwaza, akauvuta mkono wake.

Jioni hiyo roho yake ilikuwa nyeupe. Mashua ingebanduliwa kesho asubuhi, na wavuvi walioinunua wangeshuka nayo ziwani kwa neno lake peke yake. Alipofika soko la Mamboleo aliamua kusherehekea. Alichagua samaki wa ngege, mnono, akamwinua mpaka puani mbele ya mama muuzaji, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu anayejua kazi yake. Muuzaji alimkodolea macho, kisha akamfungia kwenye gazeti harakaharaka, bila hata kubishana bei.

Nyumbani, mkewe Nakhungu alikuwa uani akichochea moto. Alisimama ghafla, akajiziba uso kwa leso.

"Baba Nekoye, umebeba nini? Huyo samaki ameoza! Harufu yake imefika hapa kabla yako!"

Waliaula alilifungua gazeti. Aliinama mpaka pua ikagusa magamba, akavuta pumzi. Akavuta tena. Hakusikia harufu yoyote, hata ya moshi.