Wanawake wa Lunyena Walipokalia Mikono

Uvumi ulimkuta NyaLuhanga akisonga nsima, na tangu hapo haukumtoka. Akiteka maji unamsemesha, akipalilia mahindi unamsemesha, akilala unalala naye.

Aliyeuleta ni jirani yake, NyaMsiska. Alisimama mlangoni kwanza, akazungusha kanga yake kiunoni mara ya pili bila sababu.

"Dada, nisingependa ulisikie kinywani mwangu."

"Umeshafika mlangoni. Sema."

"Daraja halimo tena kwenye bajeti. Pesa yake wameihamishia gari jipya la mwenyekiti wa halmashauri. Na wanasema aliyekubali wa kwanza ni diwani wetu, Nyirongo."

NyaLuhanga aliacha kusonga. Nsima ikaungua chini, na yeye alikuwa mtu ambaye nsima yake haiungui.

Daraja la Mto Lunyena lilikuwa limeahidiwa kwenye kampeni. Mpaka leo watu walivuka juu ya gogo. Masika yaliyopita gogo lilimtelezesha mjukuu wa NyaMsiska, mtoto wa darasa la pili, akaokotwa kwenye matete huko chini. NyaLuhanga naye alikuwa na mtoto mmoja tu. Ili afike shule alimvusha mto ule mgongoni, roho mkononi, maji yakimfika kifuani. Sasa hakupata usingizi kwa kumwaza.

Halmashauri haiwezi kupitisha bajeti kabla wananchi hawajasomewa na kusema neno. Siku ya kusomewa ilikuwa Jumanne, kwenye uwanja wa shule. Asubuhi hiyo NyaLuhanga alipita nyumba kwa nyumba.

"Mnakumbuka mwaka jana?" aliwauliza wanawake. "Afisa alipomaliza kusoma tulipiga makofi, kama tunavyompigia mgeni yeyote akimaliza kusema. Karani akaandika kwamba tumekubali. Sisi tulikuwa tunamshukuru kwa kusoma tu."

"Kumbe tulikubali posho zao," akasema mmoja.

"Tulikubali na viti vyao vya kuzunguka. Leo mkalie mikono yenu."

NyaMsiska aliguna. "Mgeni asipigiwe makofi? Watasema hatukulelewa."

"Waseme. Heri niitwe sina adabu kuliko niitwe msibani tena."

 Lakini uwanjani NyaMsiska ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka mikono chini ya mapaja.

Afisa mipango alisoma upesi, kama mtu anayekimbia mvua. Barabara ya bomani, dawa, gari, posho, ukarabati wa ukumbi. Alipofika mwisho alifunga kabrasha, akatabasamu, akangoja.

Kimya. Mbuzi mmoja alilia nyuma ya choo cha shule.

Karani alikuwa ameshainua kalamu. Akaishusha, akaiinua tena.

"Mikono yao imeungua nini?" akatania mzee mmoja. Hakuna aliyecheka.

Diwani Nyirongo alisimama, suti yake ikimbana mabegani. "Akina mama, mgeni amemaliza."

NyaLuhanga akainuka. Jina hilo la ukoo alitoka nalo kwa baba yake, kama wanawake wote wa bonde lile, na siku hiyo alisimama nalo wima.

"Tumesikia gari. Daraja hatukulisikia. Limepita wapi?"

"Mama, vipaumbele vimebadilika," afisa akasema.

"Vimebadilishwa. Havina miguu vyenyewe."

Hapo kicheko kikapita kati ya wanawake kama upepo kwenye mtama. Afisa akamwinamia diwani. "Huyu mama ni nani?" Diwani akajifanya hajasikia.

"Mama, kaa chini," diwani alisema, sauti imeshuka. "Hili tutalizungumza nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Lizungumze hapa, wote wasikie. Nina mtoto mmoja tu, diwani. Sikumvusha mto ule ili nije nimpoteze kwa sababu ya gari la mtu."

Nyirongo alitazama viatu vyake. Jasho lilimtoka ingawa wingu lilikuwa limefunika jua.

"Mama, nakuomba."

"Sikai."

NyaMsiska akasimama kando yake. Akasimama na mwingine, na mwingine, mpaka uwanja mzima wa wanawake ukawa wima, mikono imening'inia, hakuna hata kiganja kilichogusa kingine. Afisa alingoja. Soda zilizoletwa kwa ajili ya kufungia mkutano zikapata moto kwenye kreti. Mwisho alimwambia karani aandike kwamba wananchi wamekataa, na aandike sababu.

Halmashauri ilipokaa kupitisha bajeti, neno hilo lilisomwa mbele ya madiwani wote. Mwenyekiti alitaka liachwe, wasonge mbele. Diwani wa Lunyena akanyoosha mkono akasema hapana, gari lisubiri. Walionyoosha baada yake wakawa wengi. Daraja likarudi.

Habari zilivuka mto kabla ya saruji. Wanawake wa kata ya ng'ambo, ambao siku yao ya kusomewa bajeti ilikuwa imekaribia, walikuja kumwona NyaLuhanga. Aliwakuta wamekaa kibarazani, akawapa thobwa wanywe, wakamuuliza wafanyeje. Akasema cha kufanya watakijua wenyewe, yeye atawaambia cha kuepuka.

Msipige makofi kabla hamjaelewa.

Msikubali kusomewa mbio mbio.

Msinywe soda ya mtu kabla hajawajibu.

Msiogope kuambiwa hamna adabu.

Na diwani wenu akiwaambia mkae, msikae. Mimi wangu nilimzaa mwenyewe, na sikukaa.